Hasi Zote Tatu

"Mama Aikande, uvimbe wa saratani ya titi tumeupima alama tatu," daktari alisema. "Kila alama ina dawa yake ya kuushika usisambae. Zote tatu zimesoma hasi."

Mama akanyanyua mikono juu. "Hasi! Bwana asifiwe!"

Daktari akafumbua kinywa, kisha akanitazama mimi.

Nilielewa. Uvimbe usio na alama hata moja, dawa hizo hazina pa kuushikia. Lakini mawazo ya Mama yalishakuwa mbali, kwenye mwaka ule mchungaji wa Kimandolu alipokataa kutangaza ndoa yao mpaka yeye na Baba wakapime Ukimwi.

"Miaka ile tulikuwa tunazikana kila wiki, daktari," akasema. "Nesi aliposema hasi, marehemu mume wangu alinibeba mgongoni kutoka hospitali. Mchana kweupe! Mvua imenyesha, watu wote wa sokoni wanatushangaa!"

Alicheka. Kidole gumba kilikuwa kinaizungusha pete yake ya ndoa, nayo ikazunguka bila kukwama popote. Zamani ilikuwa haivuki kifundo cha kidole bila sabuni.

Hadithi hii naijua tangu utotoni. Kiatu cheupe cha Mama kitadondoka mtaroni, na Baba ataingia kwenye tope na suruali yake ya Pasaka kukitafuta.

"Mama," daktari akaanza taratibu, "hasi ya ugonjwa huu siyo kama..."

Nikamgusa mkono.

"Naomba umsubiri kidogo, daktari. Bado hajafika kwenye kiatu."