Mmea wa Kunasa Nzi

Bi Mwanakombo alikuwa na vinywa viwili vya kulisha: mumewe, asiyeinuka kitandani, na mmea wa kunasa nzi dirishani mwa chumba chake, zawadi ya binti yao. Aliona aibu kula mbele ya mmea bila kuukaribisha, basi kila mlo aliumegea nyama. Sasa majani yalikuwa yakioza.

"Shoga, unaushindilia," alisema Sauda, jirani yake mpenda maua. "Upe maji ya mvua, basi. Ukitaka kula, utakula wenyewe."

Bi Mwanakombo akaingia chumbani na uji. Mumewe akafumba midomo, kama jana, kama juzi. Leo hakumbembeleza. Aliweka kijiko chini, mkono ukimuuma, akakaa. Nzi alitua ukingoni mwa bakuli, akazunguka, kisha akaruka kuelekea dirishani, ambako jani moja zima lilikuwa limeachama.