Bomba Nene la Bibi Yustina

Tangu iamuliwe Makete kwamba kila nyumba ipewe bomba jembamba la maji ya moto, isipokuwa ile yenye mtu wa miaka themanini, ambayo hupewa bomba nene la shaba, Bibi Yustina Tweve hakupumua. Watoto waliomsahau miaka saba sasa walimgombania. Obadia, kitindamimba, ndiye aliyeshinda: alimbeba mgongoni pamoja na kigoda chake, akavuka naye bonde mbio mbio.

Fundi alifika siku hiyo hiyo. Bibi akaketi kando ya rejeta ya ukutani ya kupasha chumba joto, akamtazama akikaza viungo vya bomba kwa spana.

"Mjukuu wangu, mbona hulichomelei? Hivyo vitalegea."

"Mwenye nyumba kataka lifunguke upesi, bibi." Fundi akainamisha macho. "Serikali hulichukua siku ile... ile ya..."

"Ya kufa kwangu."

"Mungu apishe mbali!"

Obadia akachungulia kutoka jikoni. "Mama, tangawizi imekolea kwenye chai?"

"Imekolea. Nawe fundi, washa moto wako, uchomelee. Atakayelitaka avunje ukuta."

Fundi akachomelea kila kiungo. Sasa Bibi anakula nyama laini, anajifunika mablanketi matatu, na kila asubuhi Obadia huja kumjulia hali. Huligusa bomba kwanza, akaridhika, ndipo humgeukia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Bibi huitikia kwa sauti kubwa, ili na bomba lisikie.