Siku Mashine Ilipozimwa

Rahimu alifunga mlango wa sebule kwa komeo, kisha akaizima mashine. Feni yake ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Alijisikia mwizi ndani ya nyumba yao wenyewe.

Kwa miaka mitatu kompyuta ile haikuwahi kuzimwa makusudi. Ilikaa mezani chini ya kitambaa cha kufuma, waya wake ukipita ukutani hadi kwenye duka la intaneti la Rahimu, mtaa wa nyuma, hapo hapo Singida mjini. Ndani yake mlikuwa na tovuti ya ukurasa mmoja: picha ya kaka yake Mselemu, aliyeondoka na lori la vitunguu mwaka 2000 asionekane tena, na chini ya picha nafasi ya mtu yeyote kuandika alichosikia.

"Mwanangu akibisha hodi, akute mlango wazi," alisema mama yao, Bi Hajira, siku ya kwanza. Umeme ukikatika ni majaliwa. Mkono wa mtu kuizima, mwiko.

Lakini virusi vilikuwa vimeitafuna Windozi, mfumo ulioiendesha mashine, mpaka basi. Rahimu alipata sidii za Linaksi, mfumo mwingine, kwa rafiki yake Gaspari wa Dodoma, akangoja nafasi, na nafasi ikaja mama alipokwenda matangani kijijini Mkiwa.

Mkewe, Ziada, alimletea chai. Zamani alikuwa mke wa Mselemu. Alimsubiri miaka minne, shehe akaivunja ile ndoa, akakaa eda, ndipo Rahimu akamuoa. Hakuna aliyewalaumu, pilau ya harusi aliipika mama mwenyewe. Hata hivyo Rahimu hakuweza kuitazama picha ya kaka yake Ziada akiwa karibu.

"Mama akirudi utamwambiaje?" aliuliza Ziada.

"Nitamwambia ukweli."

Aliona haya jinsi neno hilo lilivyomtoka kirahisi.

Alinakili mafaili yote kwa mpigo kwenye diski ya pembeni, asije akapoteza hata herufi moja ya watu waliojisumbua kuandika. Akafuta Windozi, akaweka Linaksi, akayarudisha mafaili mahali pake. Ilipokaribia alasiri tovuti ilifunguka. Sura ya Mselemu ilipotokea juu ya ukurasa, alitosheka, hakushuka chini.

Mama alirudi na vumbi la Mkiwa kwenye baibui. Rahimu alimwamkia, naye aliitikia marahaba huku akitega sikio, akauliza mbona mashine inalia vingine. Rahimu akakiri: aliizima, kwa muda wa saa sita nzima. Mama alivua baibui, akaenda kutawadha. Rahimu alitamani atukanwe, angalau apumue.

Baada ya swala mama alivuta kiti chake. Macho yake hayakuweza tena kusoma herufi ndogo, ila kila siku saa kama hiyo alizihesabu salamu za watu mstari kwa mstari, akisogeza punje za tasbihi. Kwa miaka miwili hesabu ilikuwa imegoma kwenye arobaini na moja.

"Arobaini na mbili," alisema. Akahesabu upya. "Rahimu, imezidi moja."

Rahimu alielewa papo hapo. Mfumo wa zamani aliuamuru mwenyewe ufiche faili moja la salamu, ambalo alikosa moyo wa kulifuta. Huu mpya hakuna aliyeuamuru.

Alimwambia mama kwamba hilo huenda ni kosa la mashine, ampe muda aliangalie, atamsomea kesho.

"Wewe umechoka, baba. Ziada, njoo unisomee."

Ziada alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Aliinama, akapitia majina ya walioandika, moja baada ya jingine. Katikati ya orodha akasimama. Mama akamhimiza asome, na alisoma kwa sauti ambayo Rahimu hakuwahi kuisikia.

"Mama, nipo Nzega. Naumwa, lakini nipo hai. Njooni mnichukue. Mwambieni mke wangu anisubiri. Mimi Mselemu."

Kisha akasoma na tarehe, polepole. Ilikuwa siku tisa kabla ya Rahimu kumuoa.