Majina ya Waliozama

Sheria ilitaka kila chombo kinachopita bahari ya Ugiriki kimtaje kwa sauti kila aliyezama mahali kinapopita. Wageni wa ile mashua ya matanga walikwisha zoea, wakila huku spika ikisoma majina. Mpishi wao, Bi Mwanahawa wa Pangani, alikuwa akipakua samaki spika iliposema: “Rajabu Sechonge, miaka ishirini na tisa.”

Mwiko ulimponyoka. Huyo ni mwanawe, na yeye alijua yuko Athene, kazini.

“Nahodha, geuza!”

“Pole, mama. Hairuhusiwi kusimama hapa.”

Alimpigia simu mkwewe, mke wa Rajabu.

“Na Rajabu mmezungumza lini?”

“Leo asubuhi, mama. Hutupigia kila siku, akicheka na watoto. Siku hizi hata hakasiriki. Kwani vipi?”

“Hakuna neno, mwanangu. Ila akipiga tena, usiwape watoto simu.”