Moto wa Dakika Tatu

Hita iliwaka, ikavuma dakika tatu, ikazima. Mara ya sita.

"Inakutania," alisema Ardith Haugen, akimruka fundi pale sakafuni alipolala ubavu na tochi mdomoni. "Imeshakujua sura."

Duane Skaar alizidi kuusukuma mkono ndani. Mwenye tochi mdomoni hajibizani na mtu. Alikuwa amechomoa droo mbili chini ya friji ya trela, ile nyumba ya magurudumu, ili aifikie hita ya gesi, na vidole vyake vilikwisha kufa ganzi. Nje, theluji ya Montana ilikuwa imepanda hadi usawa wa madirisha. Redio ilisema usiku ule baridi ingeshuka hadi nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, baridi ya kumfanya hata mbwa abane haja zake mpaka kesho.

Wala hakuja kwa hisani tupu. Mwenye kambi ya matrela, ambaye majira ya baridi hukimbilia Arizona kuota jua, alikuwa amempigia simu: hita isipokaa na moto kabla ya magharibi, awapakie wazee wote wawili, awafikishe kwenye makao ya wazee mjini, afunge geti. Ardith na mumewe Merle walikuwa wameilinda kambi ile ya matrela misimu kumi na mmoja ya theluji. Kazi yenyewe ilikuwa ya mume na mke, mmoja peke yake haruhusiwi, na ujira wake ni mahali pa kuegesha trela, umeme na gesi. Ardith alikwisha kumwambia Duane, bila kupandisha sauti, kwamba kwenye makao ya wazee hata saa ya kwenda chooni unapangiwa. Haendi.

Duane alianza na yale ambayo kila fundi wa matrela huanza nayo. Mtungi umejaa. Bomba la moshi halina kiota cha nyigu. Feni inazunguka sawasawa. Akauliza betri ilibadilishwa lini.

"Ngoja nimuulize mwenyewe."

Ardith aliingia chumba cha nyuma, akaufunga mlango, akasikika akinong'ona. Alitoka na tabasamu. "Anasema Oktoba. Na anasema kama unauliza betri badala ya kuipima, basi yote aliyokufundisha yalivuja kupitia masikioni."

Duane alicheka hadi tochi ikamdondoka. Huyo ndiye Merle. Alimtia kazi mikononi kwa miaka sita na hakumsifu hata siku moja.

"Mbona haji kunitukana mwenyewe?"

"Kifua. Barabara ya geti imemmaliza."

Kweli barabara ilikuwa imezolewa theluji kutoka getini hadi mlangoni, kingo zimenyooka kama zilizopigwa rula. Duane aliisifu moyoni alipofika. Ardith alimmiminia kahawa. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa. Alisema ni mafuta ya kukaangia yalimrukia, na kwamba uzee ni kuungua kila siku kwa jambo jipya.

Duane aliipima betri. Nzima. Akaiwasha hita tena, na safari hii akaweka kiganja juu ya bati lake. Alikiondoa upesi. Basi moto haukuwa unakufa, ulikuwa unauawa: hita ikizidiwa na joto lake yenyewe, swichi ya usalama huikatia gesi. Joto lilikuwa halina pa kutokea.

Akauliza ugonjwa ule wa hita ulianza lini. Mwanzoni mwa Desemba, Ardith alisema, na akageuka kuosha sahani iliyokwisha kuoshwa.

Duane alipapasa mabomba ya hewa nyuma ya hita. La jikoni, lile jembamba, lilikuwa wazi. Lile pana, liendalo chumbani, lilikuwa limesokomezwa blanketi. Alitabasamu peke yake. Bonde zima lilijua Merle hulala dirisha wazi hata Januari. Mzee alikuwa ameziba joto lisimfikie, na ukaidi wake sasa ungewatoa wote wawili.

Alilivuta blanketi lote, akawasha. Dakika tatu. Tano. Kumi. Hita iliendelea kuvuma, na hewa ya moto ikaelekea chumbani.

Alitegemea walau kipande cha keki. Ardith alikuwa amesimama, kikombe kimemlalia mkononi, kahawa inachuruzika sakafuni.

"Rudisha blanketi."

"Mama, nikirudisha itazima. Nimeambiwa ikizima niwapakie."

"Rudisha, Duane."

Duane alijiinua akaenda mlangoni pa chumba amwombe Merle mwenyewe alegeze. Alibisha. Akabisha tena, akamwita kwa lile jina la utani ambalo Merle hakuwahi kulisikia bila kulipiza tusi. Alishika kitasa. Kilimnata kiganjani kwa baridi.

Akageuka, akaitazama mikono ya Ardith. Vitambaa vile havikuwa vya mafuta ya kukaangia, vilikuwa vya koleo la kuzolea theluji. Akakiachia kitasa bila kukizungusha.

"Ametutoka tangu lini?"

"Tangu hita ilipoanza kuzima."

Duane aliizima hita kwa mkono wake. Alivua kofia. Kisha akalirudisha blanketi, akalishindilia kwa mpini wa nyundo zaidi ya lilivyokuwa. Akatoboa ubavu wa kabati, akafunga bomba jipya, pana, likatazama kiti cha Ardith. Hita ikawaka na haikuzima tena, na jikoni mle kukawa na joto kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

Saa tisa alasiri alimpigia mwenye kambi. Hita nzima, alisema. Wazee wote wapo, na Merle ametukana kama kawaida yake.

Alikusanya vifaa, akavaa glavu, na alipofika mlangoni aliongea na komeo zaidi kuliko na Ardith.

"Aprili ardhi ikilainika, ikachimbika," alisema, "nipigie. Nitakuja na sepetu."