Uji wa Mzazi

"Mama Spéciose, mjukuu tunampakata lini?" jirani alimuuliza siku moja kwenye lifti, macho kwenye tumbo la binti yake. Spéciose alicheka tu. Angeanzaje kumweleza kwamba mimba ile ni ya mke na mume wakaao mtaa wa Thornhill, yai lao na mbegu yao, binti yake amewabebea tu?

Leo hospitalini, binti akiwa ametoka kujifungua, alifungua chupa ya uji wa ulezi, ule wa kuteremsha maziwa. Mikono ilikuwa imeupika kwa mazoea.

"Mama, maziwa ya kumpa nani?" binti akanong'ona. Gauni lilikwisha kulowa kifuani.

Kichanga kikalia mikononi mwa yule mke wa Thornhill. Spéciose akanyoosha mikono, kisha akairudisha mapajani.

"Asante, mama," mwenye mtoto akamwambia Spéciose, akakifunika kichanga vizuri, akatoka nacho.