Karani Anayeogea Somanda

Mwanamume alikuwa akioga uani kwa Minza, na Minza mwenyewe yuko barazani akimpigia pasi suruali. Jua lilikuwa bado halijavuka kimo cha ua.

"Jirani!" Mboni aliita kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa. "Bwana harusi kaamkaje leo?"

"Kaamka na vumbi lake," Minza akajibu. "Wewe nenda kamtazame mumeo dukani, asije akaibiwa."

Mboni alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Mtaa mzima wa Somanda ulikuwa na habari hiyo, na kila aliyeipokea aliongeza chumvi yake kabla ya kuipitisha.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko maneno. Mabula alikuwa karani wa kampuni mojawapo ya zile zilizokuja kununua pamba biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, ushirika ukabaki na mizani yenye kutu. Meneja hakutaka karani anayenuka jasho. Na Mabula alitoka kijijini, nyuma ya Ngulyati, kwa baiskeli. Siku moja alisimama kwenye nyumba ya kwanza ya mji, akaomba maji ya kunawa uso. Minza akampa ndoo nzima.

Tangu hapo ikawa desturi. Anafika kope zimegeuka nyekundu kwa vumbi la barabara ya moramu, wanaamkiana kwa Kisukuma kama mama na mwana. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, baba." Anafungua mfuko wa rambo kwenye keria, anatoa shati jeupe, anaoga, anakunywa uji. Kisha anaikanyaga baiskeli polepole asitoke jasho tena, na ofisini anaingia kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Baiskeli ikishakata kona, hakuna aliyeingia tena kwa Minza mpaka kesho yake. Nyumba ilikuwa na viti sita na mkaaji mmoja. Mume alikuwa kaburini, mabinti wameolewa huko Geita, hata Krismasi hawaji. Alikuwa akipika kidogo, anakula akiwa amesimama, analala mapema ili asubuhi ije haraka.

"Nani anakuamsha huko kwenu?" alimuuliza Mabula siku moja.

"Jogoo, mayu. Tangu tumzike mama tumebaki mimi na yeye. Na yeye sikukuu ikikaribia ananiangalia vibaya."

Minza alicheka, akamwongezea uji.

Halafu Mboni akaja na habari, na Mboni habari hazikai tumboni. "Kampuni imemaliza nyumba za makarani kule kiwandani. Bwana harusi wako anahama, shoga. Ataoga kwake."

Minza aliendelea kupiga pasi. Aliposikia harufu, pasi ilikuwa imeshakula ncha ya kitenge chake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alimuuliza bila kumtazama. "Nasikia mnapewa nyumba."

"Nyumba chache, mayu." Mabula alikuwa akijipaka sabuni nyuma ya makuti, sauti tu ndiyo iliyotoka. "Yangu kapewa karani mwenzangu, Januarius."

"Pole sana, baba."

Akageukia jikoni haraka, maana uso wake haukuwa wa pole hata kidogo. Siku hiyo alinunua sukari ya uji, akaimba nyimbo za kwaya akifagia, mpaka Mboni akachungulia kuona kama kuna mgeni.

Mvua zikaanza. Mabula alikuja vilevile, siku baada ya siku.

"Shemeji, mvua yote hii ya jana, vumbi umelitoa wapi?" Mboni alimtania Mabula alipokuwa akishuka kwenye baiskeli.

"Kwetu haijadondoka hata tone, mama Shifa. Mvua yenu ina upendeleo." Akaingia bafuni.

Wiki hiyohiyo mto wa njia ya Ngulyati ulimchukua mtu. Alikuwa muuza samaki, naye na baiskeli yake. Baiskeli ilionekana, mwenyewe hakuonekana. Mtaa ulizungumza hilo tu. Kila alipofumba macho, Minza aliuona ule mto, na ndani yake shati jeupe.

Na yeye alifurahi! Kijana kanyimwa nyumba, yeye akanunua sukari. Kwa ajili ya bakuli la uji na mtu wa kumwambia mwangaluka, mtoto wa mwenzake avuke maji yale kila alfajiri?

Jioni moja alivaa gauni la kanisani, akaelekea kiwandani kumwona meneja. Njiani aliyapanga maneno. Januarius ana ndugu mjini, wanaweza kumhifadhi. Nyumba apewe Mabula. Alijua vizuri anachokwenda kuomba. Alikuwa anaomba asubuhi ifike na mlangoni asiwepo mtu. Mara mbili alisimama, mara mbili akaendelea.

Getini alimkuta mlinzi, mzee Masele, akiwa amejifunika koti la mvua.

"Mwadila, baba," Minza akatoa salamu ya jioni. "Nimekuja kwa meneja. Nataka kumwombea karani mmoja nyumba. Anaitwa Mabula."

Masele alimtazama tangu kichwani hadi kwenye viatu vya kanisani. "Mabula huyu mweupe wa mashati? Umechelewa, mama. Huyo ndiye wa kwanza kupewa ufunguo. Nyumba ile ya mwisho."

"Hapana. Huyu analala Ngulyati."

"Akafuate nini huko, na mama yake alishakufa?" Masele akafungua geti. "Nenda, yuko kwake."

Minza alitembea taratibu mpaka nyumba ya mwisho. Mlango ulikuwa wazi. Mabula alikuwa amechuchumaa peke yake katikati ya sebule isiyo na kiti, akilifunga kwa nailoni kopo la Kimbo lililojaa vumbi kavu la moramu, mvua isije ikalilowesha kabla ya asubuhi.